Bustani Isiyojua Kulia wala Kushoto

Gatien alilibeba bamba la shaba hadi dirishani, akalielekeza kwenye mwanga, akalitazama.

Nilingoja aseme, "Mpe baba yako hongera." Hata namna ya kuinamisha kichwa nikipokea sifa hizo kwa niaba yake nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi, maana miezi minne nilikuwa nimeikunjia shaba ile mgongo mpaka shingo ikagoma, na hapakuwa na mtu duniani niliyetaka sifa zake isipokuwa yeye. Badala yake nikaona rangi ikimtoka usoni.

"Mbona hivyo?" nikauliza. "Kuna mti umesahauliwa?"

"Kanisa liko kushoto."

"Si ndiko liliko? Baba aliniambia hivyohivyo leo asubuhi. Ukisimama langoni kwa Bwana Mkubwa wa Morvieux, kanisa la kijiji liko mkono wa kushoto, na kilima chenye kinu cha upepo kiko mkono wa kulia."

"Ndiko liliko, ndiyo." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sidonie, bamba hili linafanana na bustani yenyewe."

Nilicheka. Nilidhani anaisifu kazi kwa njia ya kuzunguka, kama ilivyo kawaida yake. Halafu nikaelewa.

Mtu yeyote wa mtaa wetu wa Saint-Jacques, hata mama muuza supu pale kona, anajua jambo hili: bamba likigandamizwa kwenye karatasi, kulia kunageuka kushoto na kushoto kulia. Ndiyo maana sisi wachongaji tunachonga kinyume, kioo kikiwa pembeni. Bamba zuri ni lile ukilitazama unaona kila kitu kimekaa ndivyo sivyo. Langu lilikuwa limekaa sawasawa kabisa, kama mtu aliyechungulia dirishani. Yaani nilikuwa nimeliharibu.

Nikakaa kwenye kigoda.

"Baba yako yuko wapi?" akauliza Gatien.

"Kanisani. Leo ni misa ya chama cha wachongaji, halafu watakula pamoja. Atarudi kabla ya kengele ya jioni."

"Basi nitamsubiri. Anieleze vizuri. Fundi Anselme Haudry, jicho kali kuliko yote Paris, anakoseaje jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halikosei? Na chini hapa kuna jina langu! Malescot amechora. Kesho msimamizi wa Bwana Mkubwa akiiona picha, atasema mimi mpima ardhi nisiyejua mkono wangu wa kulia. Nani atanipa tena kazi?"

"Hakukosea yeye," nikasema. "Nimekosea mimi."

"Wewe unaingiaje hapo?"

Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono wa kulia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimficha kiganja kile. Kila akija Alhamisi kwa visingizio vyake, mara kasahau rula, mara anataka kujua kama karatasi imefika, nilikuwa nakunja ngumi kama mtoto aliyeficha peremende. Siku hiyo alikifungua kidole kwa kidole. Katikati ya kiganja kuna sugu ya duara, mahali kalamu ya chuma ya kuchongea inapoegemea. Aliigusa kwa kidole gumba, na nikaona macho yake yakielewa.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na picha za mto? Na ile ya daraja, niliyoitundika chumbani kwangu?"

"Zote."

"Na mzee?"

Nilitazama mlango kwanza. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno lile kwa sauti, hata nikiwa peke yangu.

"Haoni, Gatien. Anaona mwanga na kivuli, basi. Kutoka hapa hadi kanisani ni hatua mia mbili na kumi, anazihesabu. Miwani ile anavaa ili watu wadhani bado ina kazi."

Basi nikamwambia yote, maana likishatoka moja haliachi mengine. Siku ile Gatien alipotuletea mchoro wake kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, baba aliuchukua mwenyewe. Karatasi ya namna ile inapitisha mwanga, mistari unaiona pande zote mbili. Inapaswa kulazwa kifudifudi juu ya bamba lililopakwa nta, ndipo uipitishe kalamu juu ya mistari. Kazi hiyo ya kuilaza karatasi baba alikuwa hajaniachia bado. "Hii ni ya mwenye nyumba," alisema. Nilimwona akiigeuza karatasi dirishani, akaigeuza tena, akaipapasa. Nilijua hana uhakika. Ningeweza kusema, "Baba, lete niangalie." Nilimwonea haya. Nikageuza uso nikajifanya napanga nyuzi, naye akailaza uso juu, nami baadaye nikaifuata mistari ilivyokuwa. Bustani yenyewe sijawahi kuiona, wala kwenye mchoro hapakuwa na neno hata moja la kunishtua. Majina ya chini nilichonga mimi, kinyume, kama inavyotakiwa. Majina ndiyo pekee yaliyokuwa sahihi.

Gatien aliinuka. Alianza kutembea, dirishani, mlangoni, dirishani.

"Kumbe ndiyo maana alinikataa," akasema. "Nilikuja kukuposa na mjomba wangu, na kofia mpya, na jibini zima la kwetu Touraine. Akanijibu mbele ya watu kwamba binti yake haolewi na mtu wa kamba na vigingi. Nililia njiani, Sidonie. Mtu mzima nalia barabarani! Kumbe hakuwa na neno na kamba zangu. Alikuwa anazuia macho yake yasitoke humu ndani."

"Usimseme baba yangu."

"Ningemsemaje mtu aliye..."

"Usimseme! Wewe unajua nini? Nyumba hii ni ya Bwana Mkubwa. Alimpa baba kwa ajili ya lile jicho. Siku likijulikana halipo, tutatoka na magodoro yetu mchana kweupe. Na pale chini yuko Crochard."

Crochard ni mchapaji, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye mashine ya kuchapia iliyo chini ya chumba chetu. Ndiye atakayechapa bamba hili, na ndiye baba alikuwa amenichagulia.

"Crochard ana nini?"

"Anashuku. Wiki iliyopita alinibana pale ngazini. Akasema, 'Binti, mkono wa baba yako siku hizi umekuwa mwepesi kama wa kike.' Halafu akasema nikiwa mke wake hakuna atakayeuliza maswali, nitafanya kazi kule nyuma ya duka, na yeye atatia jina lake. Nikikataa, ana marafiki huko kwa Bwana Mkubwa. Kengele ya jioni ikilia atapanda kuchukua bamba. Akiligundua hili, amenipata."

Gatien alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya dirisha kwa nguvu.

"Utasema?" nikamuuliza.

Aligeukia dirishani. Mungu anisamehe, kwa kitambo kile nilimwogopa mtu niliyempenda. Nilifikiri juu ya lile jibini na ile kofia mpya. Alikuwa na haki ya kutuangamiza. Ilikuwa inatosha amwambie msimamizi ukweli na jina lake lingekuwa safi.

"Nitasema mimi ndiye niliyekosea," akasema hatimaye. "Nitasema nilichora kinyume kwa kusahau."

"Una wazimu? Mpima ardhi! Utakula nini?"

"Nitafuga mbuzi kwa mama."

"Hujui hata kukama."

"Nitajifunza." Akajaribu kutabasamu, likamshinda. "Unataka nifanye nini, Sidonie? Nisimame hapa nione Crochard anakushusha ngazi kama mzigo wake?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi. Nikachukua bamba badala yake, maana mikono yangu ikiogopa haiwezi kukaa bure. Nikaliweka mbele ya kioo. Pale kiooni niliiona picha kama itakavyotoka kesho. Njia kuu katikati, ikienda mbali mpaka kwenye nukta moja ambako mistari yote inakutana. Ile nukta tuliiweka pamoja, yeye akishika pini na mimi ncha ya uzi, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza vidole vyetu viligusana na hakuna aliyeomba radhi. Mabwawa mawili ya duara, huku na huku. Safu za miti, huku na huku. Vichaka vilivyokatwa kama vifuniko vya vyungu, sita huku na sita huku.

"Gatien. Uliwahi kuniambia nini kuhusu bustani hii? Ulikuwa unajisifu mpaka nikachoka."

"Nilisema mengi."

"Ulisema ukikunja ramani katikati, kila mti unambusu mwenzake."

"Ndiyo, kwa sababu nilipima kwa..." Akaacha. Akaja mbio nyuma ya bega langu. "Ngoja. Ngoja kwanza."

"Bustani yako haijui kulia wala kushoto," nikasema. "Ukiigeuza ni ileile! Mabwawa yaleyale, miti ileile. Wewe na bikari yako mmetuokoa. Kilichokosewa ni kile Mungu alichokiweka bila kupima."

"Kanisa na kilima."

"Kanisa na kilima. Viko mbali, vidogo. Kanisa halizidi ukucha. Naweza kuvikwangua na kuvichonga upya, hiki huku na kile kule. Kama nitapata mtu aliyeviona kwa macho yake."

"Na vivuli? Jua tulilichora la asubuhi."

"Litakuwa la jioni."

Gatien alifikiri. "Bwana Mkubwa hajawahi kuamka asubuhi hata siku moja," akasema. "Atadhani ndivyo ilivyo."

Tulicheka, kicheko kifupi cha watu walioshikana kwenye ukingo wa shimo. Saa za mwanga zilizobaki zilikuwa chache, nasi wachongaji hatuchongi kwa mshumaa; mwali unacheza, na mkono unaufuata. Nilitundika karatasi nyembamba mbele ya dirisha ili jua lisiniumize, nikachukua kisu cha kukwangulia.

Kulikwangua kanisa ulilolichonga mwenyewe kunauma, nisikufiche. Mnara ule ulinichukua siku mbili. Ulitoka kwa dakika chache, mstari kwa mstari. Halafu nikasugua kwa chuma laini mpaka shaba ikang'aa, nikaligeuza bamba na kuligonga taratibu kwa nyuma, kwa nyundo, ili shimo lipande lilingane na pembeni. Kila pigo lilinitoa roho. Chini, mashine ya Crochard ilikuwa inalia, krii, krii. Ikinyamaza nasi tunanyamaza, nyundo ikiwa juu.

"Kilima kiko mviringo?" nikanong'ona.

"Hapana. Kina bega. Kama mtu aliyelala ubavu." Alikuwa amekaa karibu mno, na pumzi yake naisikia shingoni. "Kinu kiko kwenye bega, si kileleni. Bawa lake moja limevunjika."

"Nilichonge likiwa limevunjika?"

"Chonga lilivyo. Njia inashuka kutoka kwenye kinu, inapita kwenye miti mitatu, inapotea. Nilikaa chini ya miti ile kula mkate wangu nikiwaza nitakavyokuja kukuposa."

"Usiseme mambo hayo, nitateleza."

"Basi sisemi."

"Sema," nikasema.

Akasema. Sitayaandika hapa yote. Alisema tangu siku ya uzi na pini hajapanga mistari bila kuona mkono wangu mwishoni mwake. Alisema anaogopa. Nami nikamwambia naogopa zaidi, naogopa Crochard, naogopa kengele, naogopa kupata ninachokitaka halafu baba abaki gizani peke yake na zile hatua zake mia mbili na kumi. Yote hayo niliyasema bila kuinua uso kwenye shaba. Kilima kilitoka kizuri kuliko cha kwanza.

Nilikuwa namalizia msalaba wa kanisa, ukubwa wa mguu wa siafu, ngazi ilipolia. Ngazi yetu ya saba inalia mtu akiikanyaga. Gatien alinishika bega. Hapakuwa na pa kujificha, chumba ni kimoja na kitanda cha baba kina pazia fupi.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa baba.

Alisimama hapohapo, kofia mkononi. Kisha akavuta hewa puani.

"Shaba mbichi," akasema. "Mtu amekwangua. Sidonie, uko na nani?"

"Baba..."

"Ni mimi, Fundi," akasema Gatien, akasimama wima kama askari. "Gatien Malescot. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea mchoro wangu, nilibadilisha pande. Nimemsumbua binti yako arekebishe. Kosa ni langu peke yangu."

Baba alikuja taratibu, mguu mbele ya mguu, mpaka mezani. Akavua miwani, akaiweka kando. Miaka miwili sikuwahi kumwona akiivua mbele ya mgeni. Akalaza ncha za vidole juu ya bamba, akazipitisha huku, akazipitisha kule. Palipokwanguliwa akasimama. Akarudi nyuma, akasimama tena. Nilimwona akiikumbuka ile siku ya dirishani. Niliiona inamwingia usoni kama maji ya baridi.

"Mtu wa kamba na vigingi," akasema polepole, "anaweza kukosa adabu. Anaweza kukosa akili. Kulia na kushoto hakosi."

"Fundi, mimi..."

"Nyamaza, kijana. Nilikutukana mbele ya mjomba wako, na leo unanidanganya ili kunisitiri. Nimekusikia." Akanigeukia. "Niliigeuza mimi ile karatasi. Nawe uliniona, Sidonie."

"Nilikuona, baba." Machozi yalinitoka. "Nilishindwa kukwambia. Nisamehe."

"Ningekupiga kofi kama ungeniambia. Basi tumekosa wote." Kisha, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kunifundisha, akauliza, "Upanga uko upande gani?"

"Upanga upi?"

"Huku mbele si kuna Bwana Mkubwa anatembea na mbwa wake? Je, yeye hutembea bila upanga? Uko upande gani wa kiuno?"

Tulimsahau! Mtu mdogo kama punje ya shayiri, pale mbele kabisa katikati ya njia, na upanga wake ukining'inia kushoto, mahali pake, sawasawa. Kesho kwenye karatasi ungetoka kulia. Hakuna bwana Ufaransa nzima anayevaa upanga kulia, na Bwana Mkubwa mwenyewe angeanzia hapohapo, kwa sababu watu huanza kwa kujitafuta wenyewe.

"Mungu wangu," akasema Gatien.

"Macho sina," baba akasema. "Kazi ninaijua. Haya, kwangua."

Na kengele ya Saint-Séverin ikaanza kulia.

Mashine kule chini ilinyamaza. Nilikwangua nikiwa sijui kama napumua. Mstari mmoja, mwingine, sugua, geuza, gonga. Mlango wa chini ulifunguliwa ukajibamiza. Nikachonga upanga upya, mistari mitatu tu, na mkono wa kushoto wa Gatien umenishikia bamba lisicheze. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Crochard hupanda akipumua kama ng'ombe.

"Tumemaliza," nikanong'ona.

"Bado," akasema baba. Kidole chake kilikuwa pembeni chini, upande yalipo maneno ya mchongaji. Anselme Haudry amechonga. Alilipapasa lile jina mara mbili, kisha akasema, "Hapa. Anselme. Liondoe."

"Baba, hapana! Crochard atalisoma. Atakwenda kusema kwa Bwana Mkubwa. Nyumba..."

"Anakutisha?"

Gatien ndiye aliyejibu, "Anamtisha, Fundi."

Baba aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu. "Miaka miwili nimekaa kwenye kiti hiki nikisifiwa kwa mikono yako," akasema. "Kila nikisifiwa naogopa. Nimechoka kuogopa, mwanangu. Liondoe Anselme, uandike Sidonie. Haudry liache. Kanisani utaitwa Malescot kama huyu mwongo bado anakutaka, lakini kwenye shaba utabaki Haudry."

"Namtaka," akasema Gatien.

Ngazi ya saba ililia. Mlango ukagongwa.

Nilimtazama baba akiinuka. Hakuchukua miwani. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, wazi, kama vipofu wanavyofanya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata tukiwa wawili tu, akapapasa ukuta, akapapasa kabati, akaufikia mlango na kuufungua. Niliona uso wa Crochard juu ya bega lake, mwekundu, na macho yake yakitoka kwenye mikono ile iliyonyooshwa yakija kwangu, niliyekaa mezani na kalamu ya chuma mkononi.

"Nimekuja kuchukua bamba," akasema.

"Subiri hapohapo, Crochard," baba akasema. "Binti yangu hajamaliza kuandika jina lake."

Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikaegemeza kalamu kwenye sugu yangu, nikaanza kuchonga.